Jina la mtoto wako wewe, wifi anaingiaje? Maswali na majibu

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba wote. Safari hii nimewaambia mniulize ya majina ya watoto, na mmeuliza kweli mpaka simu inaganda. Nimechagua yenye kichwa na miguu, na machache yasiyo na miguu ili wengine wajifunze. Wale wa "eti Mwalimu jina fulani maana yake nini" bila kusema jina lenyewe limetokea wapi, nimewaruka, na siyo mara ya kwanza nasema hivi.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Ligula hapa Mtwara, mimba ina miezi saba, kipimo kimeonesha wa kike. Nataka kumwita Somoe, jina la bibi mzaa mama aliyenilea Kilwa. Nikaliweka kwenye grupu la watsapu la familia, wakacheka sana. Wifi yangu anaishi Mbagala, Dar es Salaam, kasema mtoto ataonekana katoka shamba. Mume amenyamaza tu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Jina halina kosa, kosa ni grupu. Ukishaliweka jina kwenye grupu lenye watu arobaini umeitisha uchaguzi, na kwenye uchaguzi kila mtu anaona ana kura, hata yule binamu ambaye harusi yako hakutoa mchango na mpaka leo anasema atatuma. Watu wanalichukia jina likiwa bado halina mtoto. Ngoja lipate mtoto, mtoto mwenyewe awe na vishavu, awe anacheka na kila anayepita, utawasikia hao hao wifi zako "Somoe wangu jamani, njoo kwa shangazi". Mimi nimefundisha darasa la kwanza Newala na hapa mjini miaka mingi, kila asubuhi naita rejista, kuna majina nimeyaita darasa zima likacheka wiki ya kwanza, wiki ya pili wanagombania huyo mtoto awe upande wao kwenye rede, na habari ya jina imeishia hapo.

Ila hilo la "shamba" sitaliacha lipite. Somoe ni jina la pwani yetu hii, Kilwa mpaka Mikindani utawakuta. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, amefika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji, akausifu uzuri wake. Dar es Salaam Sultani Majid kaja kuanza kuijenga miaka ya 1860. Sasa leo mtu wa Mbagala anamwambia mtu wa Kilwa jina lako la shamba, na nyie mnakubali mnabadilisha, mnaweka Brayani na Keishia, majina ambayo bibi yenu akimwita mjukuu anang'ata ulimi. Mimi sina ugomvi na majina ya kigeni, Fatuma na Yohana nayo yalikuja na majahazi na meli, ila aibu ya jina la bibi yako hiyo siyo ya kwako, umeazimishwa, irudishe.

Mumeo ndo wa kumkalisha chini, siyo grupu. Wenye kura hapo ni wawili. Muulize hivi, unalipenda, hulipendi, au unaogopa dada yako? Jibu la tatu ndo utalipata. Na mkikubaliana andikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, SOMOE, mkubaliane herufi kwa herufi, maana kesho kliniki wataandika Somoye, shule wataandika Somoi, na hapo ndo shida itaanza, siyo kwa wifi. Hili nitalirudia leo mpaka mchoke.

SWALI: Mwalimu naomba majina mazuri ya kiislamu ya mtoto wa kiume yanayoanza na R.

Rashidi. Ramadhani. Rajabu. Mmoja wao yuko hapo nyumbani kwenu sasa hivi anakula, ungemuuliza yeye.

SWALI: Mimi natokea Singida, nimeoa Newala, upande wa Kitangari. Mtoto wangu wa kwanza ana siku nne. Mjomba wake, kaka wa mke wangu, kafika na pikipiki, kaongea na mama mkwe uani, akatoka anasema jina tayari. Jina lenyewe mimi silipendi hata kidogo. Baba mzazi nina nafasi gani?

Hongera kwa mtoto shemeji yetu. Ila ulipokuja kuoa hukuuliza chochote? Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, ukoo unafuata kwa mama, mjomba ndo mwenye watoto wa dada yake. Kwa hiyo huyo bwana hajakudharau, kwa akili yake kaja kutimiza wajibu na petroli katumia ya kwake. Kwenu baba ndo kila kitu sawa, hapa umehama uwanja.

Sasa usinune, piga hesabu. Serikali inataka majina matatu. La kwanza la mtoto, la pili lako, la tatu la baba yako wa Singida ambaye huyo mjomba hamjui hata sura. Katika matatu wewe una mawili. Mpe hilo moja, au mfuate kwa adabu, kaa naye, mwambie mjomba mimi naomba hili langu liwe kwenye cheti na hilo lako liwe la kuitwa nyumbani, wengi wanakubali wakiombwa. Wanachokataa ni kupitwa.

Tena nikuambie kitu ambacho huenda mkeo hajakuambia. Hata hilo la kwanza kwa desturi za huku halikuwa la kudumu. Mtoto akiingia jandoni au unyagoni anatoka na jina jipya, la utoto linabaki huko huko, na kumwita mtu mzima kwa jina lake la utoto ilikuwa ni tusi, unaweza ukadaiwa faini. Kwa hiyo wazee wetu jina kutopendwa halikuwasumbua sana, walijua lina mwisho. Wapo wanaofanya mpaka leo, na hapa nina la kwangu la ualimu. Watoto wanachezwa likizo, shule ikifunguliwa naita rejista, mtoto haitiki, kakaa mbele yangu ananiangalia tu, wenzake ndo wananong'ona "Mwalimu siku hizi haitwi hivyo". Mimi nikaheshimu, nikawa namwita la jandoni darasani, lakini rejista siigusi. Wazazi nawaomba sana, jina la jando liwe la heshima mtaani, la cheti liachwe lilivyo. Msije darasa la saba, usajili wa mtihani umeshafungwa, mnaniletea jina jipya mnasema mtoto kakua.

SWALI: Naweza kumwita mwanangu Messi?

Unaweza. Waulize tu wale waliozaliwa 1991 wakaitwa Sadamu, sasa hivi ni mafundi na madereva wazuri kabisa, wamezoea.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Lindi mjini. Binti yangu anaitwa Asia, ana miaka miwili. Ustaadhi mmoja hapa mtaani kasema jina hilo Mtume alilikataza, ni la maasi, tubadilishe na akika irudiwe. Baba mkwe kashtuka, nyumba haina amani.

Waalaykum salaam. Hapo yamechanganywa majina mawili ambayo mdomoni kwetu yanatoka sawa. Lipo la Kiarabu linaloanzwa kwa herufi ya ain na lina swad katikati, hilo kweli maana yake ni mwenye kuasi, na imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alimbadilisha mwanamke mwenye jina hilo akamwita Jamila. Na lipo la sin, hilo ni la mke wa Firauni, yule aliyemuomba Mola amjengee nyumba peponi, dua yake imo kwenye Suratu Tahrim na hadithi zimemtaja kwa jina na kumsifu katika wanawake waliokamilika. Wewe ulimkusudia yupi? Kama ulimkusudia huyu wa pili, lala usingizi. Akina Asia wamejaa pwani yote hii, bibi zetu walioswali maisha yao yote, ustaadhi alikuwa wapi.

Na habari ya akika kurudiwa kwa sababu ya jina, mimi sijaisikia kwa shehe yeyote niliyemkalia. Muulize hiyo nyama inaenda kwake au kwa masikini.

Na kwa kuwa mmeanza ya dini niongeze. Jina lenye maana mbaya kweli kubadilishwa ni sunna, sikatai. Lakini angalieni namna. Bukhari kapokea kwamba bwana mmoja aliitwa Hazn, yaani ardhi ngumu, Mtume akamwambia wewe ni Sahl, ardhi laini. Yule bwana akasema silibadilishi jina alilonipa baba yangu. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, ndo alikuja kusema ugumu haukututoka tangu hapo. Sawa, walipata ugumu, ila hakuna aliyemburuza yule babu wala kumvunjia nyumba. Kashauriwa, kakataa, kaachwa. Nyie mnashauriana kwa kutishana talaka.

SWALI: Sisi Wakatoliki, Masasi. Tumetaka mtoto abatizwe kwa jina la bibi, la Kimakua. Katekista kakataa, kasema bila jina la mtakatifu hakuna ubatizo.

Nenda kwa paroko mwenyewe. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 855, inasema wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lililo kinyume na hisia ya Kikristo. Basi. Haisemi lazima mtakatifu, ile ya zamani ya 1917 ndo ilikuwa inabana zaidi na nadhani katekista wenu kafundishwa na aliyefundishwa na wa enzi hiyo. Ila nenda kwa upole, usiende na kanuni mkononi kama unakwenda mahakamani, katekista mtazikana naye. Mkiamua kumpa yote mawili kwa ajili ya amani pia vizuri, lakini cheti cha ubatizo na cheti cha kuzaliwa viandikwe sawa, kwa mpangilio ule ule. Nimeona mtoto kanisani ni Maria, serikalini ni jina la bibi, shuleni ni yote mawili yamegeuzwa, alipofika kuomba mkopo wa chuo ikaonekana ni watu watatu.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Naitwa Shida, nina miaka 23, natokea Nachingwea. Nilizaliwa baada ya mama kupoteza watoto wawili ndo nikapewa hili. Nimemaliza chuo, kwenye intavyuu wanacheka, "haya Shida karibu, shida yako nini". Mchumba wangu anataka nibadilishe kabla ya ndoa, anasema kadi haiwezi kuandikwa hivyo. Mama nikimgusia analia.

Marahaba mwanangu. Kwanza nikwambie, hilo jina ulipewa kwa mapenzi, hata kama halisikiki hivyo. Huko nyuma mama akishazika wawili watatu, anayefuata anaitwa Shida, Tabu, Mashaka, Matatizo, wengine Jalala kabisa, ili kifo kikipita kione hapa hapana kitu cha maana kiendelee na safari. Mama yako alikuwa anakuficha. Ndo maana analia, wewe unamwambia jina baya, yeye anasikia unamwambia usingenificha.

Lakini mimi sitakwambia ubaki nalo kwa ajili ya machozi. Una miaka 23, jina unalibeba wewe. Siti binti Saad, mwimbaji mkubwa wa taarabu kuliko wote, kazaliwa Fumba kule Unguja akaitwa Mtumwa. Akaliacha, akawa Siti, na dunia inamjua kwa hilo. Kwa hiyo ukibadilisha siyo wa kwanza. Na upande wa pili wapo waliokaa na majina ambayo watoto wa mjini wanayacheka, hapo Ruangwa jirani yenu katoka Majaliwa, miaka kumi alikuwa waziri mkuu, sikusikia anayecheka.

Sasa ukweli wa karatasi, maana wengi mnadhani ni kubadilisha kama jina la Instagramu. Utaenda kwa wakili akuandalie hati ya kubadili jina, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati kule ardhi, itatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ukimaliza unaanza safari ya NIDA kwenye kitambulisho cha taifa, benki, laini ya simu, bima. Na vyeti vyako vya kidato cha nne na chuo vitabaki na Shida, kwa hiyo kila unapoomba kazi hiyo hati utatembea nayo ubavuni, unawapa vyeti vya Shida unawaambia ndo mimi. Na hao wa intavyuu waliocheka watakuuliza kwa nini ulibadilisha, utaeleza, watacheka tena. Pima mwenyewe kama inalipa. Njia ya bei rahisi ni kuitwa jina lingine mtaani na kwenye kadi ya harusi, kadi haiendi NIDA. Wanawake wangapi huku wanajulikana kama Mama fulani mpaka kuzikwa, jina la cheti linajulikana siku ya mirathi tu.

Huyo mchumba sasa. Sijamwelewa. Leo kadi haiwezi kuandikwa jina lako, kesho mama yako hawezi kukaa meza ya mbele kwa sababu ya kitenge chake. Ukibadilisha, badilisha kwa sababu wewe hulitaki. Akiwa yeye ndo hataki, mwache aoe jina analolitaka.

SWALI: Mume wangu anatokea Bukombe, tumejaliwa mapacha, anataka Kulwa na Doto. Ndugu zangu Wamwera wanasema hayo ni ya Wasukuma.

Ni ya huko kweli, na yameshaenea nchi nzima. Hassani na Huseni nao siyo Wamwera.

SWALI: Mwalimu tulikubaliana mtoto aitwe Rahma. Nikamtuma mume ofisi ya kata na kadi ya kliniki akachukue cheti, karudi na cheti kimeandikwa Zulfa. Anasema alisahau. Zulfa ni nani?

Mimi Zulfa simjui, na wewe nahisi unamjua ndo maana umeniandikia usiku wa saa nane. Hayo mtayamaliza wenyewe, nisiwe mimi wa kuvunja ndoa Mtwara Vijijini.

La cheti ndo langu. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90, na chini ya miaka mitano cheti cha kwanza ni bure, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, hapo mlifanya vizuri kuwahi kuliko wale wanaosubiri mpaka mtoto anaanza shule wanakuja kunililia. Ila bure haimaanishi umtume mtu na jina kichwani. Wanaume wakitumwa sukari wanaleta chumvi, utamtuma jina? Andika kwenye karatasi, au nenda mwenyewe, au kabla hajaondoka dirishani asome alichoandikiwa. Na karani naye haumbi majina, anaandika alichosikia, ukimwambia Rahma mdomoni umejaa korosho ataandika Lahama.

Nendeni wote wawili ofisi ya wilaya ya RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, mkaulize namna ya kurekebisha, nendeni sasa hivi mtoto akiwa bado ni mdogo na hana karatasi nyingine. Kila karatasi inayoongezeka yenye Zulfa ni msumari mmoja. Usifanye kama jirani zako, cheti kinasema Zulfa, nyumbani Rahma, shule mkamwandikisha Rahma, na siku ya kidato cha nne mnaanza kutafuta mawakili. Na kama hataki kwenda kurekebisha, hapo sasa uliza Zulfa ni nani kwa sauti.

SWALI: Niko Tandahimba. Mke wangu kajifungua siku korosho zetu zimeuzwa mnadani bei nzuri. Nataka mtoto aitwe Mnada. Mke hataki, wazee wananicheka. Mimi naona ni kumbukumbu.

Kumbukumbu ni kweli, na huku kwetu kuita mtoto kwa tukio ni jambo la siku zote, akina Masika, Vita, Uhuru, Azimio wapo, na mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa tunaupata kwa jina. Silipingi jina. Napinga haraka. Mnada wa kwanza umefurahi, umeona wa pili? Pesa imeshaingia kwenye akaunti au mmetangaziwa bei tu na chama cha msingi bado kinasema subirini? Mtu akishamwita mtoto Mnada halafu malipo yakachelewa mpaka Machi, huyo mtoto ataitwa kwa hasira. Na ungezaa msimu wa 2018, serikali imetangaza 3,300 kwa kilo na jeshi ndo linasomba korosho, ungemwita nani, Kombania?

Mke wako kabeba miezi tisa, hataki, kwangu mimi limeisha. Mnada mpe mbwa au pikipiki. Na hela hiyo ikitoka kweli, kabla hujaenda baa, mkatie mtoto bima.

SWALI: Shangazi yangu wa Mikindani hana mtoto. Anataka wa kwangu nimpe jina lake akiwa wa kike, na akiwa wa kiume jina la marehemu mume wake. Ameshaleta mbuzi wa akika kabla hata sijajifungua. Mume wangu jina la huyo marehemu halitaki, waligombana shamba enzi hizo. Nimrudishie mbuzi?

Mbuzi harudishwi, utamuua huyo mama. Akiwa wa kike mpe jina lake, ana nini cha kumkosesha. Akiwa wa kiume, mumeo ana haki ya kutotaka kumwita mwanawe kwa jina la mtu aliyemhamishia mpaka wa mikorosho, mwambieni shangazi mapema, siyo siku ya saba watu wameshakaa mkekani. Na mkumbushe kwa heshima kwamba wa kiume ni mbuzi wawili, yeye kaleta mmoja.